Tundu moja la pua limepanda: nirudi kwa kisu?

Jambo Mama,

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nauza nywele na vikwembe. Mara mbili kwa mwaka napanda ndege kwenda Istanbul kununua mali, na huko ndiko nilikofanyiwa pua, mwezi wa 9 mwaka jana.

Nitakueleza bila kuficha. Pua yangu ilikuwa nene mbele, ya mviringo, kama ya marehemu baba. Miaka yote haikunisumbua. Ila nilipoanza kuuza kwa video za moja kwa moja, kila jioni naiona kwenye simu ikiwa imejaa kioo kizima, nikaanza kuichukia. Rafiki tuliyekutana naye sokoni kule alinipeleka kliniki moja. Munganga, daktari wa hapo, alisema atapunguza ncha tu. Nikalala, nikaamka, siku ya saba wakatoa plasta, siku ya nane nikapanda ndege na mizigo yangu.

Miezi mitatu ya kwanza nilifurahi. Halafu karibu na mwaka mpya mdogo wangu akaniambia, "Yaya, mbona upande wa kuume tundu lako linaonekana hadi ndani?" Nikacheka. Usiku nikachukua kioo cha mkononi, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Kweli. Ukingo wa tundu la kuume umejikunja juu, kama upindo wa sketi ambao fundi amevuta uzi. Ukinitazama kwa upande unaona mpaka vinywele. Kushoto kuko sawa.

Tangu hapo umezidi kupanda. Sokoni navaa barakoa nasingizia vumbi. Video nazifanya nikiwa nimegeuza shavu la kushoto tu, na wateja wameanza kuuliza kama shingo inaniuma. Upande ule wa kuume unakauka usiku, asubuhi naamka na magamba puani.

Niliandikia kliniki. Msaidizi wa munganga akajibu, "Ni uvimbe, ngoja." Nikaandika tena baada ya miezi miwili, akanitumia bei ya marekebisho.

Sasa mdogo wangu yuleyule anaolewa mwezi wa 8, na mimi ndiye nitakayekaa pembeni yake siku nzima mbele ya kamera. Rafiki mmoja anasema kuna mtu anachoma sindano ya kujaza ndani ya saluni, dakika kumi na tano tu tundu linashuka. Mwingine anasema nipandishe na la kushoto, yalingane. Nimesoma pia kwamba wanakata sikio wanaliweka puani, hapo nikafunga simu.

Mama yangu hajanigombeza. Siku niliporudi aliniangalia tu, akasema, "Pua ile ilikuwa ya baba yenu," akaenda kugeuza bukari. Hiyo inaniuma kuliko tundu.

Je, linarekebishika? Nifanye kabla ya ndoa? Na ile sindano?

Yaya wa Kampemba

*

Mwanangu,

Linarekebishika. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua umesoma barua yako mara tatu kabla ya kuituma, na hilo ndilo unalolitafuta. Lakini si kabla ya mwezi wa 8, wala si kwa sindano ya saluni. Na huyo rafiki wa "yalingane" mpikie chai, mzungumze mambo mengine. Tundu la kushoto ndilo kipimo ambacho munganga atakitumia kurudisha la kuume. Ukiliharibu, atapima kwa nini?

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, upande wa ORL, masikio na pua na koo. Mimi si munganga. Lakini nimesimama karibu na pua zilizofunguliwa za kutosha kukueleza kilichokupata, maana naona hakuna aliyekueleza.

Shika ukingo wa tundu lako la kushoto, lile zima, kwa vidole viwili. Ni laini, unakunjika. Ukingo wenyewe hauna gegedu, ule mfupa laini unaopindika, ndani yake. Ni ngozi, mafuta kidogo na nyuzi. Gegedu limekaa juu yake kidogo, moja kila upande, limejipinda kama kiatu cha farasi, na ndilo linalozuia ukingo usipande wala kuzama. Munganga anapotaka kupunguza ncha nene, anakata ukanda wa juu wa gegedu hilo. Ni kazi ya kawaida, kwa sharti kwamba anaacha upana wa kutosha, kwa kawaida milimita 6 au 7. Akikata zaidi, au mshono wa ndani ukila ngozi nyingi, panabaki pengo. Mwili unalijaza pengo kwa kovu, na kovu likikomaa linajikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani. Linavuta. Na pale kilicho chepesi kuvutwa ni ukingo laini.

Ndiyo maana ulifurahi miezi mitatu. Yule msaidizi aliyekuambia "ni uvimbe" aligeuza mambo: uvimbe ndio uliokuwa umeshikilia tundu chini na kuficha kasoro. Ulipopungua, kovu likaanza kazi. Kwa hiyo hukuota uliposema linazidi kupanda, kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza. Si kila tundu linaloonekana sana limepanda. Wakati mwingine ukingo uko mahali pake, ila kile kinguzo cha katikati kinachotenganisha matundu mawili ndicho kilichoshuka, na dawa yake ni tofauti kabisa. Mwaka 1996 Jack Gunter, munganga wa Dallas kule Marekani, na wenzake walitoa kipimo ambacho hadi leo wapasuaji wanakitumia. Kwenye picha ya upande chora mstari kutoka ncha ya mbele ya tundu hadi ncha ya nyuma. Ukingo ukiwa juu ya mstari kwa zaidi ya milimita 2, umepanda. Kinguzo kikiwa chini ya mstari kwa zaidi ya milimita 2, kimeshuka. Yanaweza kuwa yote mawili. Wewe lakini una kasoro upande mmoja tu, na kinguzo ni kimoja kwa matundu yote mawili, kwa hiyo mimi natia shaka kwenye ukingo. Munganga atahakikisha.

Picha hiyo usijipige mwenyewe. Mpe mdogo wako simu, asimame mita moja na nusu kutoka kwako, simu iwe sawa na usawa wa pua, achukue kuume, kushoto, mbele, na moja kutoka chini kichwa kikiwa kimeinuliwa. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakakuta kwamba picha ya kujipiga, simu ikiwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, inaonyesha pua pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Sikuambii hivi ili ujute. Nakuambia kwa sababu simu ileile iliyokuonyesha pua ya uongo kila jioni, sasa inakuonyesha tundu kubwa kuliko lilivyo.

Sasa njia zenyewe, maana naona sikio ndilo lililokutisha.

Kama ukingo umepanda kidogo, milimita moja au mbili, munganga anachonga ujiti mwembamba wa gegedu, anatoboa mfuko mdogo ndani ya ukingo na kuuingiza humo, kama unavyoingiza kijiti kwenye upindo wa pazia. Ukipanda zaidi ya hapo, ujiti hautoshi. Itabidi afungue, aachanishe kovu, aweke ubao wa gegedu chini ya lile lililobaki ili kulipa nguvu, na mara nyingine alishushe lote likae karibu na ukingo. Gegedu la kutumia hutoka kwanza kwenye ukuta wa kati wa pua yako mwenyewe, kama wa Istanbul hawakuumaliza.

Sikio linakuja pale ambapo ngozi ya ndani ya tundu nayo imepungua. Hapo hata ukiweka gegedu zuri namna gani, ngozi ni fupi, itakuvuta tena. Kwa hiyo wanachukua kipande kidogo chenye vyote viwili, gegedu na ngozi yake, kutoka ndani ya bakuli la sikio, wanakishona ndani ya tundu palipopungua. Sikio halipotezi umbo. Mara ya kwanza kumwona mgonjwa wa hivyo nilikuwa kijana, na asubuhi yake nilimkimbilia munganga kwa hofu: kipande kilikuwa cheupe kama nta. Akaniambia nitulie. Siku zilizofuata kikawa cha zambarau, rangi ya jeraha la kugongwa, nikajua sasa kimekufa. Kisha kikageuka waridi. Kipande hakina mshipa wake, kinaishi kwa kunywa damu ya pembeni mpaka kitoe mizizi. Ndiyo sababu hakiwi kikubwa, kikizidi sentimita moja hivi katikati yake panaweza kufa njaa. Na kwa kuwa kitasinyaa, munganga mzoefu hukikata kikubwa kidogo kuliko pengo, kwa hiyo wiki za kwanza tundu litaonekana limeshuka kupita kiasi. Ukifika huko usiniandikie kwa machozi.

Hapa kuna swali ambalo lazima mtu mwenye ngozi yetu ajiulize. Tazama matundu ya hereni zako, tazama kovu la chanjo begani. Yamelala, au yamevimba kama kamba? Kama yamevimba, mwambie munganga kabla ya neno lingine lolote, maana sikio ni mahali ambapo makovu ya kuvimba hupenda kuota, na kifua, ambako wengine hutoa gegedu la ubavu, ni hivyohivyo. Ndani ya pua makovu ya namna hiyo ni nadra.

Na kuhusu sindano. Najua inavutia, dakika kumi na tano, hakuna kulala, hakuna kupanda ndege. Wapo madaktari wanaotumia jeli ya kujaza kuinua au kushusha ukingo kidogo, ni kweli. Lakini mishipa ya pua imeungana na mishipa ya jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuua ngozi ya pua, na imekwisha kupofusha watu. Pua iliyokwisha kupasuliwa ni hatari zaidi, kwa sababu kovu limehamisha mishipa, haipiti tena palipoandikwa kitabuni. Daktari aliyesomea anakuwa na dawa ya kuyeyusha jeli hiyo mkononi kabla hajachoma. Mtu wa saluni anayo? Na unajua ni jeli kweli, si silikoni ya maji, ambayo ikishaingia haiyeyuki wala haitoki? Ikiwa barua hii imekufikia umekwisha kuchomwa, ukaona ngozi inageuka nyeupe au madoadoa ya bluu, ukapata maumivu makali au jicho likaona ukungu, usingoje asubuhi. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Kwa nini usifanye kabla ya ndoa: upasuaji wa kurudia wanausubirisha mwaka mzima kwa kawaida, na ngozi nene kama zetu huchelewa zaidi kutulia. Kovu ambalo bado linavuta ukilirekebisha leo, litavuta na marekebisho. Mwaka wako unatimia mwezi wa 9. Zaidi ya hayo, ukipasuliwa mwezi wa 6, mwezi wa 8 utakaa pembeni ya bibi harusi na pua iliyovimba. Mimi ningengoja hata mwezi wa 11, mvua zimeshika, vumbi jekundu limelala. Marekebisho ni magumu kuliko kazi ya kwanza na huwa ghali zaidi, kwa hiyo miezi hiyo itakusaidia na mfuko. Na usitegemee kulingana kabisa. Tofauti ya milimita moja inaweza kubaki, na hakuna atakayeiona isipokuwa wewe na mdogo wako mwenye macho ya tai.

Lakini kungoja kupasuliwa si kungoja kuonekana. Nenda kwa munganga wa ORL hapahapa Lubumbashi mwezi huu, amulike ndani kwa taa. Barua yako imezungumza picha mistari mingi, na ukavu mstari mmoja. Mimi ukavu ndio ulionisimamisha. Ziba tundu la kushoto taratibu kwa kidole, vuta hewa kwa la kuume mbele ya kioo. Ukingo ukinyonywa ndani kama pazia dirishani, basi tegemeo la tundu limelegea, na marekebisho yako si ya urembo tena, ni ya kupumua. Mwambie munganga hivyo, maana itabadilisha hata aina ya upasuaji atakaouchagua. Ukiona usaha, au hewa haipiti kabisa, au kitu cha kigeni kinachungulia chini ya ngozi, hapo hesabu ya mwaka haipo tena, wahi.

Kwa magamba, nunua maji ya chumvi ya farmasi, weka mara tatu nne kwa siku, zaidi sasa ambapo kiangazi kimeingia. Usiyabandue kwa kucha. Na baridi ya mwezi wa 6 ikibana, usilale na mbabula, lile jiko la makaa, chumbani. Moshi wake unaua watu wazima na pua zao, achilia mbali tundu lililo wazi.

Andikia ile kliniki mara ya tatu, safari hii usilalamike. Omba ripoti ya upasuaji na picha za kabla: wamekata gegedu gani, kiasi gani, wametumia la ukuta wa kati au hawakutumia, wameweka kitu chochote cha bandia? Munganga wa pili, awe Johannesburg, awe huko huko Istanbul kwa mtu mwingine, akiwa na karatasi hiyo hataingia gizani. Huyo wa pili muulize amekwisha kurekebisha matundu yaliyopanda mangapi, na akuonyeshe picha za mwaka mmoja baadaye, si za wiki ya pili. Akiahidi "tutapunguza kidogo hapa na hapa", ondoka. Pua yako inahitaji kurudishiwa kilichotolewa.

Sijui kama unavuta chicha, yaani shisha. Kama unavuta, acha wiki nne kabla na wiki nne baada angalau, nikotini inabana mishipa midogo na kile kipande cha sikio kitakosa cha kunywa. Na mafuta ya kujichubua, mwanangu, najua soko letu na najua kinachouzwa meza moja na nywele. Mengi yana dawa inayopunguza unene wa ngozi na kuchelewesha vidonda kupona. Kama unayapaka usoni, mwambie munganga ukweli ili akuongoze namna ya kuyaacha, kwa maana kuyakata ghafla nako kuna fujo yake.

Siku ya ndoa ongea na mpiga picha mapema, peke yenu. Asimame upande wako wa kushoto, kamera isishuke chini ya kidevu chako. Wapiga picha wa harusi wameombwa mambo ya ajabu kuliko hilo. Barakoa iache nyumbani.

Nimebaki na mama yako. Nimeisoma ile sentensi yake nikiwa nimekaa, nikaisoma tena. Simwoni akikuhukumu. Namwona mjane aliyekuwa akimwona mumewe mlangoni kila unapoingia. Hujamuuliza, naye hajasema zaidi. Basi una sababu ya kwenda kuzungumza naye: munganga wa marekebisho atataka picha zako za zamani, za upande, kabla ya kisu, aone ukingo ulikuwa umelala vipi. Picha za simu nyingi ni za mbele, na kliniki inaweza isikujibu. Mwombe akufungulie lile sanduku la picha za familia, mkae nalo kitandani mtafute zako za upande. Mkizikosa, chukueni ya baba yako.